Beki Asiye na Namba

Haya, nitegulie hiki kabla sijaendelea. Nina watoto watatu nyumbani, hakuna hata mmoja mwenye kiti chake, na bado hakuna mgeni aliyewahi kuingia akakuta kiti kitupu. Ni nini hicho?

Usikimbilie kusema mafiga. Kila mtu husema mafiga, na mafiga hayajawahi kuhama hata hatua moja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar es Salaam sitaki, nimeshapewa mara nyingi na sijawahi kuonja hata chai yake. Nipe Igowole. Asante. Nimekwenda Igowole, nimekula viazi vyao, nimeshiba, nimerudi na jibu: ni mabeki watatu wa Nyuki wa Ipogolo, timu ya mjukuu wangu Esta. Anayebisha abishe. Walibisha wengi kabla yake, tena wenye sauti kubwa kuliko yake, na mimi nilikuwepo nikiwasikia.

Esta ndiye kocha. Kambi ya timu ni nyumba yangu, hapa Ipogolo, Iringa, chini ya mlima, barabara kuu inapita mbele ya mlango na malori yanashuka yakipumua breki usiku na mchana. Wasichana wanalala vyumba vinne, mimi napika. Msimu wetu wa kwanza kwenye ligi ya kulipwa ya wanawake ya Nyanda za Juu tulifungwa mabao arobaini na saba. Nikienda gengeni kununua nyanya, muuzaji ananiuliza, "Bibi, jana mmekula ngapi?" Na hakuwa anauliza habari za ugali.

Tukashika mkia. Sasa ligi ile ina utaratibu wake. Msimu ukiisha, wasichana wapya wa mikoa yetu wanakusanywa Mbeya, wanachezeshwa siku tatu, na siku ya nne timu zinachagua kwa zamu, mchezaji mmoja mmoja. Aliyeshika mkia anachagua wa kwanza. Yaani mwenye njaa ndiye anakabidhiwa kisu.

Kisu kilikuwa mkononi mwa Esta, na Ipogolo nzima ilishajua atakata wapi. Alikuwepo mshambuliaji anaitwa Happy, miguu kama ya digidigi, mabao tisa kwa siku tatu. Mwenyekiti wa timu yetu, Mzee Lutengano, Mnyakyusa mwenye duka la vipuri vya malori, alikuwa ameshachapisha fulana za njano zenye HAPPY 9 mgongoni. Hata utingo wa lori lake alishavaa.

Mimi nilikwenda Mbeya kununua masufuria ya kambi. Ukumbini nilikaa nyuma kabisa, nimejifunga shuka mbili, baridi ya Mbeya haina adabu. Katibu wa ligi akaita, "Nyuki wa Ipogolo, mnamchagua nani?"

Esta akasimama. "Sayi Budeba."

Vicheko vikaanzia kona moja vikaenea kama moto wa nyasi.

Sayi alisimama kwa sababu alisikia jina lake. Ni binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu zamani na ng'ombe wao. Mrefu, mwembamba, viatu vya mpira vya kuazima vinambana mpaka anasimama kwa kisigino. Katibu alipekua karatasi zake.

"Sayi, hapa kwenye fomu hukujaza nafasi unayochezea. Unacheza namba ngapi?"

Sayi akaangalia viatu.

"Mbili? Tatu? Tano? Sema tu, binti."

Kimya.

"Anacheza namba ya ng'ombe!" akapiga kelele kocha mmoja, na ukumbi ukaanguka. Mzee Lutengano alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeona duka lake linaungua.

Katibu akasema haya, fomu ina pengo, atapewa leseni ya muda ya mechi tatu, baada ya hapo nafasi ijazwe, na mwenyekiti wa timu aweke sahihi, la sivyo usajili umekufa. Timu ya Mbeya ilikuwa inafuata. Wakamchagua Happy hata kabla hawajaulizwa.

Mzunguko wa pili Esta akamchukua Anjela kutoka Njombe, kiungo mfupi kuliko meza ya katibu, akamfanye beki. Wengine wote walishamruka.

Kwenye kosta tukirudi, tulipoiacha Uyole Mzee Lutengano akaanza.

"Kocha, umenichagulia mchunga ng'ombe."

"Nimekuchagulia beki, mwenyekiti."

"Beki namba gani? Hata mwenyewe hajui!"

"Siku ya kwanza, beki wa kulia wa timu yake aliumia, akaziba yeye. Siku ya pili wa kati alitapika kwa baridi, akaziba yeye. Siku ya tatu akacheza kushoto. Siku zote tatu hawakufungwa. Nyie mlikuwa mnamtazama Happy."

"Na magoli atafunga nani?"

"Msimu uliopita tulifunga ishirini na mawili. Sisi hatukuwa na njaa ya magoli, Mzee. Tulikuwa tunalala mlango wazi. Nataka watatu nyuma, na kila mmoja aweze kukaa popote. Ukimtoa mmoja kwenye nafasi yake, ukute mwingine ameshakaa."

"Mpira una namba, Esta! Wazee wetu waliweka namba! Mbili ni mbili, tatu ni tatu!"

"Na arobaini na saba ni arobaini na saba," akasema Esta.

Mzee akavimba shingo. "Sawa. Ana mechi tatu za leseni. Katika mechi hizo, yakiingia mabao matatu, mchunga ng'ombe anarudi Usangu na wewe unamsindikiza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mimi je, baba?" nikauliza kutoka nyuma.

"Mama, wewe ni mpishi tu, usiingie."

"Mpishi mwenye nyumba," nikamwambia. "Ukimfukuza kocha, utafute na pa kulaza timu."

Akageukia dirisha, akahesabu malori mpaka Makambako.

Alibaki mmoja wa kutimiza watatu, na zamu za kuchagua zilishakwisha. Ikabidi atafutwe miongoni mwa wachezaji huru. Nilimuuliza Esta, huru maana yake nini? Akasema ni mchezaji aliyemaliza mkataba, hana timu. Nikasema ahaa, aliyerudishwa kwao na begi lake. Akacheka, akanibeba kwenda naye Igowole, maana huko ndiko aliko Violet.

Tulimkuta shambani, amevaa gambuti, anachimba viazi. Miaka thelathini na mbili. Alikuwa mfungaji mkubwa enzi zake, goti likamsumbua, timu yake ikamwacha.

"Kamwene, Violet. Nakutaka uwe beki," Esta akamwambia bila kuzunguka.

Violet aliegemea jembe akacheka mpaka viazi vikamwanguka. "Kocha, mimi miaka kumi kazi yangu ni kufunga, leo niende kuzuia?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mwizi aliyestaafu ndiye anayejua mlango unafunguliwaje."

Aliniangalia. Akamwangalia Esta. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Ngoja nimalizie tuta hili."

Basi mazoezi yakaanza. Esta akawa anawabadilisha kila siku: aliyecheza kulia jana, leo kati, kesho kushoto. Violet analalamika goti, Anjela analalamika urefu, Sayi halalamiki kitu. Huyu ndiye aliyewafundisha wenzake bila kujua kwamba anafundisha. Kwao, ng'ombe wakivushwa mtoni, wachungaji wanakaa pande zote. Mmoja akitoka kumfukuza ndama aliyechepuka, wa jirani anasogea kuziba pengo lake, na wa jirani yake naye anasogea. Hawaitani majina. Wanapigiana mluzi. Mluzi mmoja, kila mtu anajua aende wapi.

Na mluzi huo ndio uliotuumiza.

Mechi ya kwanza ilikuwa hapa hapa Iringa. Dakika ya sabini, hakuna bao. Anjela katoka kukaba, kaacha pengo, Sayi akaona, akafanya kama anavyofanya siku zote tangu ana miaka saba: akapiga mluzi ili Violet asogee. Mluzi mkali, wa kufika ng'ambo ya mto. Wakati huohuo kipa wetu, Sikudhani, alikuwa ameshaudaka mpira salama kifuani. Akasikia mluzi. Akadhani ni filimbi ya mwamuzi, kwamba wale wameotea. Akauweka mpira chini kwa heshima zote, akarudi nyuma hatua tatu aupige faulo.

Mshambuliaji wao alikuja akausukuma wavuni kama mtu anayefagia sebule.

Tukapiga kelele, mwamuzi akasema filimbi yake ilikuwa kimya, bao ni halali. Halafu akampa Sayi kadi ya njano kwa kupiga mluzi uwanjani. Tukalala bao moja kwa bila.

Mzee Lutengano alipita mbele ya benchi akanyoosha kidole kimoja.

Wiki ile Sayi akitoka kwenda dukani, utingo wa malori wanampigia miluzi barabara nzima. "We mchunga, ng'ombe huyu kapotea!" Jumapili baada ya kanisa nilimkuta anakunja nguo zake kwenye mfuko wa rambo.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Bibi. Nikikaa nitamfukuzisha kocha."

"Nani kakwambia kocha anafukuzwa na mtu mmoja? Kaa chini. Maharage hayajapukuchuliwa."

Akakaa. Sikumbembeleza. Mtu mwenye aibu ukimbembeleza inaongezeka, ukimpa kazi inapata pa kukaa. Wakaja na wenzake, tukazunguka mkeka tunapukuchua, na mimi nikaanza kuwatega vitendawili kama kawaida yangu. Anjela kwenye vitendawili ni mzigo. Kila kimoja anashindwa, kila kimoja anatoa mji.

"Nakupa Mafinga, Bibi."

"Ulishanipa."

"Nakupa Tukuyu."

"Nayo ni yangu."

"Basi miji yote imekwisha!" akalia Anjela. "Bibi ameteka Nyanda za Juu nzima!"

Violet akadakia, "Ndiyo shida yako hata uwanjani. Unatoka, unaacha mji, adui anaingia anakaa. Si useme basi, tujue mji uko wazi!"

Walicheka. Esta hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha togwa, akakiweka chini taratibu.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, kocha?"

"Anayetoka, aseme."

Violet akarudia, polepole. Sayi aliacha kupukuchua. Akasema kwa sauti ndogo, "Anayetoka apige kelele, *Mji!* Wa jirani aje. Mwamuzi hawezi kutoa kadi kwa mji."

Jioni ile ile, jua bado lipo, walikuwa uani kwangu wanakimbizana katikati ya kamba za nguo. "Mji!" huku. "Mji!" kule. Jogoo wangu alihamia kwa jirani siku tatu.

Mechi ya pili tulicheza ugenini Njombe, tukatoka sare, bao moja kwa moja. Bao lao lilikuwa la faulo ya mbali iliyopinda juu ya watu wote. Bao la namna hiyo halina wa kulaumiwa, unalipigia makofi kimoyomoyo unaendelea. Lakini Mzee Lutengano hakuja kupiga makofi. Alinyoosha vidole viwili.

"Bado moja," akasema kwa Esta.

"Bado mechi moja," Esta akamjibu.

Na mechi yenyewe ilikuwa Mbeya, kwa Happy.

Tulifika asubuhi, mvua ya rasharasha, ukungu umekaa juu ya mlima kama kofia. Uwanja ulijaa. Na unajua walivaa nini mashabiki wao? Fulana za njano, HAPPY 9 mgongoni! Mzee Lutengano zilimdodea dukani, akawauzia Mbeya kwa jumla. Alikuwa amekaa jukwaa kuu, amezungukwa na njano yake mwenyewe, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Mwenyekiti, leo unashangilia upande gani?" nikamuuliza nikipita na ndoo ya chai.

"Mama, niache."

Mpira ukaanza. Happy ni mchezaji, sitamnyima haki yake. Alikwenda kulia akamkuta Sayi. Akahamia kati, Violet akatoka kumfuata, "Mji!" na alipomzunguka Violet, Happy akadhani njia ni nyeupe, akamkuta Sayi. Akahamia kushoto. Anjela akamkaba miguuni kama paka na uzi, wakaanguka wote wawili, mpira ukabaki, akaja kuuondoa nani? Mashabiki wao wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe: "Mkabeni huyo namba mbili!" "Si namba mbili, ni namba tano!" "Namba tano gani, yuko kushoto!"

Kipindi cha pili goti la Violet lilikataa. Alitoka analia kwa hasira, akatupa kitambaa cha unahodha chini. Esta aliingiza kiungo, na hayo yakawa mabadiliko yetu ya mwisho. Sayi akasogea kati. Baadaye Anjela alipochoka, Sayi akawa kushoto, Anjela kati. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo ya chai iliyokwisha, nimeshika ncha ya shuka kwa meno.

Dakika ya themanini na nne, krosi ilishuka, Sikudhani akaruka, akagongana na mtu hewani, akaangukia bega. Tulisikia hata sisi. Mpira ulitoka nje. Daktari akaja, akamwinua mkono, Sikudhani akapiga ukelele. Hawezi kuendelea. Na hatuna kipa wa kuingiza, mabadiliko yamekwisha.

Sikudhani yuko kwenye machela, uso umejaa tope, anabebwa kutoka. Akageuza kichwa, akaita kwa sauti iliyokatika:

"Mji!"

Sayi alikuwa ameshamfikia, anamvua glovu.

Uwanja mzima ukashangilia, maana waliona bao linakuja. Mzee Lutengano alisimama. Esta alisimama. Yeye hakupiga kelele wala kutoa maelekezo. Alikunja mikono tu, akaangalia mbele kama mtu anayesubiri lori aliloshalipigia hesabu ya kufika.

Tulibaki kumi. Dakika tatu walirusha mipira juu, Anjela mfupi anaruka na kichwa chake kinakutana na mabega. Halafu mpira mmoja ukapenya. Happy, peke yake. Mbele yake Sayi na glovu zinazompwaya.

"Toka! Mtokee!" watu wetu wakapiga kelele. "Mrukie!"

Sayi hakuruka. Alitoka hatua mbili akasimama, mikono imeshuka pembeni, wazi, magoti yamelegea. Niliwahi kuwaona wachungaji wakisimama hivyo mtoni, dume likitaka kuchoropoka. Hawalikimbilii. Wanasimama pale linapotaka kupita, wanaliacha liwaone. Happy alingoja arukiwe ampite. Hakurukiwa. Akaangalia kushoto, Sayi yupo. Akaangalia kulia, Anjela ameshafika kwenye mstari wa goli. Nusu sekunde ile ya kuwaza ndiyo iliyomponza. Alipopiga, mpira ulikwenda moja kwa moja kwenye ugoko wa Sayi, ukaruka juu, ukatua nje.

Kona ikapigwa. Sayi akaipiga ngumi vibaya, kama mtu anayefukuza nyuki, ikaangukia kichwa cha Anjela, Anjela akaipeleka barabarani. Filimbi. Hakuna kwa hakuna.

Kwenye mechi tatu, mabao mawili. Nilikaa chini kwenye majani mabichi, nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Wasichana walimbeba Anjela, maana ndiye mwepesi. Katibu wa ligi akaja na faili lake chini ya mwavuli, kwamba leseni ya muda imekwisha leo, fomu inatakiwa. Mzee Lutengano alishuka jukwaani polepole, anapishana na fulana zake za njano. Aliichukua fomu. Akatafuta kalamu kwenye koti, mfuko huu, mfuko ule, akaipata.

"Kocha," akasema, bila kumwangalia Esta machoni, "nilisema mabao matatu."

"Ulisema."

"Mimi neno langu silirudishi." Akamgeukia Sayi, ambaye alikuwa amekaa kwenye tope anavuta viatu vile vya kubana kutoka miguuni. "Binti, simama. Hapana, kaa, kaa tu. Leo umecheza mbili. Umecheza tano. Ukacheza tatu. Mwisho ukacheza moja. Pale ukumbini uliulizwa ukanyamaza, ukatuaibisha wote. Mwezi mzima watu wananiuliza dukani nami sina la kuwajibu. Sasa nauliza mimi, na hapa pana nafasi ya mstari mmoja. Unacheza namba ngapi?"

Sayi aliweka kiatu pembeni. Safari hii hakukiangalia.

"Andika, Mzee: ninacheza pale alipotoka mwenzangu."